Kutoka brashi hadi fonti: mwandiko mnene wa mabango, hatua kwa hatua

Wiki haipiti bila kijana kusimama mlangoni pangu hapa Kirumba, Mwanza, simu mkononi, picha ya ubavu wa mtumbwi imekuzwa mpaka imechujuka. "Shikamoo fundi. Hii fonti inaitwaje?" Naitikia marahaba, naitazama picha, kisha namwambia haiitwi chochote. Huo ni mkono wa mtu. Fundi aliinama pale mwaloni na kopo la rangi ya mafuta, akaandika jina la mtumbwi, akalipwa, akaondoka. Hakuna faili la kupakua.

Swali la pili hufuata hapo hapo: sasa nitaipataje? Unaweza kutumia fonti ya brashi ambayo wengine wameshaitengeneza, na zipo nyingi. Brush Script unayoiona kwenye kadi za harusi ilichorwa na Robert E. Smith mwaka 1942 kwa ajili ya kampuni ya fonti ya American Type Founders ya Marekani. Kwa kuwa toleo lake la kompyuta lilisambazwa pamoja na programu za Microsoft, stationari nyingi zinalo, ndiyo maana kadi zetu zimefanana kama sare za shule. Au unaweza kutengeneza ya kwako, kwa mkono wako, kwa maneno yanayoandikwa hapa kwetu. Maelezo yaliyo hapa chini ni ya njia hiyo ya pili. Nimeyaandika kwa sababu nimechoka kuyasema upya kila Jumamosi.

Jambo moja lieleweke mapema. Mwandiko mnene wa brashi ni wa neno moja, mawili, basi matatu: jina la duka, jina la mtumbwi, kichwa cha bango, mgongo wa tisheti. Si wa kuandikia barua wala orodha ya vyakula. Ukitaka fonti ya kuandikia aya nzima, hapa umepotea njia.

Kabla hujaanza, kusanya hivi:

- Brashi bapa ya nusu inchi, nywele laini zisizochomoka. Ile ngumu ya kupakia rangi ukutani itakupa kingo za mikwaruzo. Zina uzuri wake, lakini si kwa kazi ya kwanza.
- Rangi nyeusi ya maji, kopo dogo. Ya mafuta inachelewa kukauka na inatia doa la mafuta kwenye karatasi.
- Manila nyeupe nne au tano. Karatasi za rimu zikilowa zinajikunja.
- Penseli, rula ndefu, kitambaa, kopo la maji.
- Simu yenye kamera safi, au fedha kidogo ya kuskanishia stationari.
- Kompyuta. Haihitaji kuwa mpya. Weka GIMP (ya kusafisha picha), Inkscape (ya kuchora mistari) na FontForge (ya kutengeneza fonti), zote tatu ni za bure.
- Siku tatu. Moja ya brashi, moja ya kusafisha, moja ya kupanga nafasi. Anayesema anamaliza kwa saa mbili hajafika kwenye nafasi.

Hatua ya 1: Orodhesha maneno, usipange alfabeti

Karibu kila anayeanza hupanga A, B, C mpaka Z, anaandika kila herufi peke yake. Herufi iliyoandikwa peke yake hukakamaa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Ukija kuziunganisha, kila moja inatazama upande wake.

Andika maneno, kisha uchomoe herufi humo. Orodha yangu ni hii: Nyamagana, Ukerewe, Buzuruga, Pasiansi, sangara, dagaa, ng'ombe, mzee, choo, jiko, vifaa, juu, hii, hotelini, chipsi, duka la dawa, fundi cherehani. Humo mna kila herufi ndogo ambayo Kiswahili kinaihitaji. Q na X si zetu, lakini mteja anayeitwa Felix atakuja, na saluni za "Queen" haziishi, kwa hiyo ziandike pia.

Tazama hiyo orodha tena. Nyamagana ina a nne. Ukerewe ina e tatu, Buzuruga u tatu. Lugha yetu inarudia irabu, na a ndiyo inayojitokeza kuliko herufi zote. Fonti nyingi za brashi zimechorwa na watu waliokuwa wanafikiria maneno ya Kiingereza, na ndiyo maana ukiandika "Nyamagana" kwa fonti ya kupakua unaona a nne zilizotoka kwenye kalibu moja. Basi a yako iandike mara nyingi kuliko herufi yoyote. Ikiwa mbaya, fonti nzima ni mbaya.

Herufi kubwa ziandike mwanzoni mwa maneno: Mama, Karibu, Duka, Baba, Samaki, Tumaini, Hoteli. Namba pia, 0 mpaka 9.

Hatua ya 2: Piga mistari

Kwenye manila chora kwa penseli mistari minne ya kulala. Wa kwanza ni mstari wa kukalia, ambao herufi zote zinaukalia. Juu yake sentimita 4.5 piga mstari wa vichwa vya herufi ndogo kama a na m. Sentimita 7.5 juu ya mstari wa kukalia piga mwingine, huo ni wa herufi kubwa na wa mikono mirefu ya k, l, h. Chini ya mstari wa kukalia shuka sentimita 2.5 kwa mikia ya g, y, j.

Jumla toka juu hadi chini ni sentimita 10. Sikuchagua namba hizo kwa bahati. Kwenye kompyuta herufi itakaa ndani ya vipimo 1000, kwa hiyo sentimita moja ya karatasi itakuwa vipimo 100 na hutahitaji kikokotoo.

Kisha piga mistari ya kuinama. Toka chini hadi juu, sentimita 10, sogea kulia sentimita 3. Hiyo ni karibu nyuzi 17. Piga mmoja kila baada ya sentimita tano. Mwanafunzi asiyepiga mistari hii huanza neno ameinama na kulimaliza amesimama wima.

Hatua ya 3: Andika

Fanya kazi hii asubuhi. Mchana upepo unatoka ziwani, na manila mbichi ikigeuzwa na upepo ni kazi ya saa nzima imekwenda. Ukichelewa, tafuta mawe ya kukandamizia pembe nne. Kwa Mwanza hilo halijawahi kuwa tatizo.

Rangi ichanganye na maji kidogo kidogo mpaka iteremke kama mtindi. Ikiwa nzito kama ugali inakatika njiani, ikiwa kama chai inavuja pembeni. Chovya nusu ya nywele tu, si mpaka kwenye bati. Kisha, na hapa ndipo wengi wanaruka, pangusa brashi kwenye ukingo wa kopo upande mmoja, igeuze, pangusa upande wa pili. Nywele zinakaa pamoja, ncha inakuwa nyembamba kama patasi.

Shika brashi katikati ya mpini, siyo karibu na nywele kama kalamu. Uso bapa uelekeze kwenye kona, kama nyuzi 45, na pembe hiyo usiibadilishe mpaka neno liishe. Ukishuka, kandamiza, mstari unajaa. Ukipanda, legeza, unabaki ncha tu. Unene na wembamba vinatoka hapo, huchori wala hujazi. Mkono wote utembee toka begani, vidole vitulie.

Chukua y ya Nyamagana. Unaingia toka kwenye N kwa ncha, unateremka kidogo, unapinda kwenye mstari wa kukalia, unapanda, halafu unashuka moja kwa moja kupita mstari mpaka kule chini ambako rangi inaanza kupungua. Hapo usiogope. Mkia ukitoka na michirizi meupe ndani yake, uache. Ndiyo sahihi ya brashi, na kompyuta haiwezi kukubunia.

Kosa kubwa la hatua hii ni kurudia. Mstari umetoka na upungufu, mtu anarudi na ncha kuziba. Inaonekana, hata baada ya kupita kwenye kompyuta inaonekana. Mstari mbaya uache, andika neno upya pembeni. Kila neno liandike mara tano au sita. Mimi mara mbili za kwanza sizihesabu, mkono unakuwa bado haujapasha moto.

Kuhusu kuunganisha: si lazima. Mchora fonti Roger Excoffon wa Ufaransa alitoa fonti ya Mistral mwaka 1953, ambayo herufi zake zinashikana kama mwandiko wa mkono, na mwaka 1955 akatoa Choc, nene, ya brashi, ambayo kila herufi inasimama peke yake. Zote mbili ni za brashi na zote zilipendwa. Kama hii ni fonti yako ya kwanza, nakushauri uinue brashi kila baada ya herufi. Utaokoa siku nzima ya hatua ya 7. Ukiamua kuunganisha, hakikisha kila herufi inatokea na kuingilia kwa kimo kilekile, sentimita moja hivi juu ya mstari wa kukalia.

Hapo w, o, v na b zitakusumbua, maana kwa asili zinamalizikia juu. Kwa Kiingereza unaweza ukavumilia. Kwa Kiswahili, "wa" iko kila mahali: wali, watoto, kwa, Mwanza, mwalo. Ifundishe w yako kushuka tena baada ya kumaliza, kama inapiga goti, iikute a chini.

Hatua ya 4: Chagua na upige picha

Ngoja ikauke kabisa. Bandika manila ukutani, rudi nyuma hatua kumi, tazama ukiwa umefinya macho. Neno linalosomeka ukiwa hivyo ndilo la kuchukua, hata kama la jirani yake lina madoido zaidi. Zungushia herufi unazozitaka kwa penseli.

Piga picha kivulini, nje, bila flashi. Jua la moja kwa moja linameremeta kwenye rangi, na kivuli cha simu yako kitaangukia herufi. Usisogee karibu sana: kamera ya simu ikiwa karibu inavimbisha katikati. Simama mbali kidogo, vuta mara mbili, simu ilingane na karatasi. Weka rula pembeni ionekane kwenye picha. Kama stationari ya jirani ina skana, kata manila vipande vya A4 na uombe 600 dpi, utakuwa umepona yote haya.

Hatua ya 5: Safisha na ugeuze kuwa mistari

Kwenye GIMP fungua picha, nenda "Colors", kisha "Threshold". Sogeza kidude mpaka karatasi iwe nyeupe kabisa na rangi iwe nyeusi kabisa. Ukizidisha upande mmoja michirizi ya mkia inaziba, ukizidisha upande wa pili herufi inaliwa kingo. Futa alama za penseli zilizobaki.

Fungua Inkscape. Weka ukurasa wa 1000 kwa 1000, kwa pikseli. Weka mistari ya mwongozo toka juu: 300 kwa vichwa vya herufi ndogo, 750 kwa mstari wa kukalia. Ingiza picha, ikuze au ipunguze mpaka sentimita 10 za rula yako zijaze vipimo 1000, kisha ikalishe kwenye mstari wake. Ukishapata ukubwa huo kwa herufi ya kwanza, tumia huohuo kwa zote. Atakayekuza kila herufi kwa macho atapata fonti yenye a nono na e yenye njaa.

Chagua picha, nenda "Path", "Trace Bitmap", thibitisha. Sasa una vitu viwili vimelaliana: picha na umbo. Futa picha. Wengi huisahau na wanashangaa baadaye mbona FontForge inaleta utupu au mraba mweusi.

Hesabu nukta za umbo. Herufi laini haihitaji nyingi, yenye michirizi itakuwa nazo zaidi, na hiyo ni halali. Mimi nikiona zimezidi 200 narudi kupunguza kwa "Simplify", mara moja tu, halafu natazama. Ukibonyeza mara tatu brashi yako inageuka sabuni iliyotumika. Hifadhi kila herufi kama faili lake la Plain SVG: a.svg, b.svg. Herufi kubwa zipe majina tofauti, kama K-kubwa.svg, kwa sababu Windows haitofautishi K na k kwenye jina la faili na itafuta moja juu ya nyingine. Nimepoteza jioni moja kwa hilo.

Hatua ya 6: Ingiza kwenye FontForge

Anza fonti mpya. "Element", "Font Info": ipe jina, jina lako mwenyewe, lisiwe la fonti iliyopo. Sehemu ya "General" weka Ascent 750 na Descent 250. Jumla ni 1000, inalingana na ukurasa wako.

Bofya mara mbili nafasi ya herufi, "File", "Import", chagua SVG yake. Itakaa mahali pake yenyewe kama ukurasa ulikuwa sahihi. Kisha kwa herufi zote kwa pamoja: "Remove Overlap", "Add Extrema", "Round to Int" na "Correct Direction". Sitakuchosha na maana zake. Zinasafisha umbo ili mashine zisilalamike.

Usisahau nafasi tupu. Ndiyo, kitufe kirefu cha chini nacho ni herufi. Nenda kwenye "space", ipe upana wa 220 hivi. Bila hiyo "duka la dawa" litatoka dukaladawa.

Ongeza pia koma, nukta, kistari, alama ya ng' iliyonyooka na iliyopinda, alama ya &, na mkwaju wa /= maana bei zetu zinaandikwa hivyo. Namba za simu, hata hivyo, mshauri mteja ziandikwe kwa fonti ya kawaida iliyosimama. Nimeona 1 na 7 za brashi zikimpeleka mteja kwa mtu mwingine kabisa.

Hatua ya 7: Nafasi

Hapa ndipo fonti inapozaliwa au kufa. Fungua "Metrics Window", andika nnannonoonn, halafu nnannwnnenn. Unatafuta weupe ulio sawa kati ya herufi, siyo umbali ulio sawa. Kati ya n na n weupe ni mrefu na mwembamba, kati ya o na o umebinuka, kwa hiyo o husogezwa karibu zaidi.

Kwa fonti isiyounganishwa anza na 20 kila upande wa n, na karibu na sifuri kwa o, halafu amini macho. Mwandiko mnene hubanwa. Ukiuachia nafasi kama ya kitabu unaonekana kibogoyo.

Kwa fonti iliyounganishwa, kiungo cha kulia kipite mpaka wa herufi kwa vipimo 15 au 20, kiingie ndani ya jirani. Kikiishia hasa kwenye mpaka utaona uzi mweupe ukikuza.

Kisha jaribu maneno: Tanzania, Pasiansi, Kamanga, Wali, Vyombo. T, P, W na V zikifuatwa na herufi ndogo huacha pengo, ongeza jozi hizo kwenye "kern", sehemu ya kusogeza herufi mbili mbili, na uzisogeze.

Hatua ya 8: Mapacha na ng'

Andika dagaa kwa fonti yako. Zile a mbili za mwisho ni pacha kamili, na jicho linagundua mara moja kuwa hapa hapakuwa na brashi. Dawa: rudi kwenye manila, chukua "aa" nzima kama ulivyoiandika kwa mkono, iingize kama umbo moja liitwalo a_a. Fanya hivyo kwa oo, ee, uu na ii. Kwenye "Font Info", "Lookups", "GSUB", ongeza "Ligature Substitution" (kubadili herufi mbili kuwa umbo moja) yenye kipengele liga, kisha kwenye taarifa za umbo, sehemu ya "Ligatures", andika a a. Basi. Mtu akiandika choo au mzee, pacha wanabadilishana nguo wenyewe.

Halafu ng'. Fonti za nje huichukulia alama hiyo kama mgeni: zinaipa upana wake kamili, na ng'ombe inakatika vipande viwili, ng' hapa na ombe kule. Tengeneza umbo la g yenye alama hiyo ikielea juu ya kiungo chake, bila kuongeza upana, ili g iishike o chini kwa chini. Kwenye "Ligatures" liandikie mara mbili: g quotesingle, na g quoteright. Simu huandika alama iliyonyooka, Word huigeuza iliyopinda. Ukiweka moja tu, nusu ya watu wataona ng'ombe aliyekatika.

Hatua ya 9: Toa fonti, ipeleke mbali

"File", "Generate Fonts", chagua OpenType. Kwenye Windows bofya kitufe cha kulia, sakinisha. Kwenye simu, programu kama PixelLab inakubali fonti ya kuongeza mwenyewe.

Usiihukumu kwenye skrini. Kipimo cha zamani cha mafundi wa mabango ni sentimita 2.5 za kimo cha herufi kwa kila mita 3 za umbali wa msomaji. Bango litakalosomwa kutoka mita 30, upande wa pili wa Barabara ya Makongoro tuseme, linataka herufi za sentimita 25, na kwa brashi mimi naongeza kidogo. Chapisha neno kwa herufi za sentimita 2.5, bandika, rudi mita 3, mwite mtu ambaye hajui umeandika nini. Asikisie. Asome.

Na tafadhali, usiandike neno zima kwa herufi kubwa. Herufi kubwa za brashi zimetengenezwa kutangulia, si kufuatana. "MUNGU NI MWEMA" kwa mwandiko huu ni kichaka cha michongoma.

Hatua ya 10: Kabla ya kumkabidhi mchapaji au mwenye plota (mashine ya kukata stika)

Niliwahi kukata stika ya kioo cha nyuma cha Hiace, neno "Tumaini", kwa fonti yangu iliyounganishwa. Kwenye skrini ilikuwa safi. Plota haioni rangi, inaona mistari, na kila mahali kiungo kilipoingia ndani ya jirani ilikata. Nilipoanza kumenya, neno lilitoka herufi moja moja, na vile vipande vya viungo, vidogo kama kucha, vikabaki vimenata kwenye kidole. Dereva alikuwa amekaa kwenye benchi ananitazama, abiria wake wanamsubiri stendi.

Kwa hiyo: Inkscape, chagua maandishi, "Object to Path", tawanya kundi kwa "Ungroup", kisha "Union". Neno linakuwa kipande kimoja. Faida ya pili ni kwamba mchapaji asiye na fonti yako hatapata nafasi ya kuibadilisha kwa ile ya kadi za harusi.

Ikigoma

*Tumbo la a, o au e limejaa weusi.* Umbo la ndani linazunguka upande mmoja na la nje. Rudia "Correct Direction". Kama bado, fungua herufi na uone kama tumbo lilifutika kwenye Inkscape.

*Herufi moja ni ndogo au inaelea.* Ukurasa wa SVG yake haukuwa 1000 kwa 1000. Usiivute kwa macho ndani ya FontForge. Rudi Inkscape, irekebishe, iingize upya.

*Mikia ya g na y inakatwa kwenye Word.* Mikia imeshuka chini ya 250. Kwenye "Font Info", "OS/2", "Metrics", ongeza Win Descent mpaka imeze mkia mrefu kuliko yote.

*Mapacha na ng' havifanyi kazi kwenye Word.* Fonti yako haina kosa. Word huacha mambo hayo yamezimwa. Fungua dirisha la "Font", "Advanced", washa "Ligatures", na hapo hapo washa "Kerning".

*Herufi ndogo zikichapishwa kwenye kadi zinakuwa doa.* Zimekusudiwa kuwa kubwa. Kama ni lazima, tengeneza toleo la pili lenye matumbo mapana.

*Nimerekebisha lakini fonti haijabadilika.* Kompyuta bado imeshikilia ile ya kwanza. Iondoe, funga programu zote, sakinisha upya. Ikikaidi, badili jina ndani ya "Font Info", ongeza 2 mwishoni. Ya kwangu sasa imefika 14.